Shajara ya Mradi: Kutoa Injini na Giaboksi ya Corolla KE70

Sababu ya kuzitoa

Gari ni Toyota Corolla KE70, saluni yenye injini ya 4K ya sentimita za ujazo 1,290, kabureta, giaboksi ya gia tano na propela shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Nalipenda gari hili kwa sababu linaelezeka: ukifungua boneti unaiona sakafu kando ya injini, na karibu kila kifaa unaweza kukifuata kwa macho kutoka kinapoanzia hadi kinapoishia. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa limekuwa na matatizo mawili ambayo sikuweza kuyaahirisha tena. La kwanza ni klachi, ambayo ilianza kuteleza kwenye mwinuko, injini ikipandisha mizunguko huku gari likibaki na mwendo uleule, na kila asubuhi palikuwa na tone la oili chini ya gamba linaloifunika. La pili ni moshi wa buluu uliotoka nyuma kila nilipokanyaga mafuta kwa nguvu.

Kabla ya kugusa bolti yoyote nilipima mgandamizo wa silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote nne zikiwa nje na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Silinda ya 1 ilitoa kilo 11.4 kwa sentimita ya mraba, ya 2 ikatoa 11.1 na ya 4 ikatoa 11.2, lakini ya 3 ilikomea 7.6. Nilimimina oili kiasi cha kijiko kimoja kwenye tundu la plagi ya silinda hiyo ya 3, nikapima tena, na sindano ikapanda hadi 10.3. Oili huziba kwa muda mwanya ulio kati ya pistoni na ukuta wa silinda, ila haiwezi kuziba valvu isiyokaa vizuri. Kwa hiyo namba ikipanda namna hiyo, wa kushukiwa ni ringi za pistoni au ukuta wenyewe kabla ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye valvu. Kipimo hicho ndicho kilichoamua ukubwa wa mradi, kwa sababu sitaki kufanya kazi ya ringi nikiwa nimeinama juu ya bampa, vumbi la gari likidondokea ndani ya silinda zilizo wazi.

Ilibaki kuamua njia. Giaboksi ingeweza kushushwa peke yake kwa chini na injini ikainuliwa peke yake kwa juu, na wapo mafundi wazoefu wanaopendelea hivyo kwa sababu kila mzigo huwa mwepesi. Mimi nimechagua kuzitoa zikiwa zimeungana. Shafti ya mbele ya giaboksi hupita katikati ya bamba la klachi, na ncha yake hukaa kwenye bering ndogo iliyo mwishoni mwa krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni; uzito wa giaboksi ukiachwa uning'inie kwenye shafti hiyo hata kwa muda mfupi, kitovu cha bamba huweza kupinda na bering ikaumia, na madhara hayo hujitokeza baadaye, wakati kila kitu kimekwisha kufungwa. Aidha, kulala chali huku giaboksi ikiegemea kifuani, ukipapasa bolti za juu za gamba ambazo huzioni, ni hatari ambayo sioni sababu ya kuikubali iwapo kreni ipo. Gharama ya uamuzi huu ni kwamba mzigo unakuwa mrefu, na mzigo mrefu lazima uinamishwe sana ili upite juu ya paneli ya mbele.

Jumamosi ya kwanza: mahali, vimiminika na alama

Sakafu ni ya saruji, na niliipima kwa pima maji kabla ya kuingiza gari, kwa sababu kreni yenye magurudumu madogo ikibeba mzigo juu hutafuta mteremko wenyewe. Niliziba magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao pande zote mbili, nikainua mbele kwa jeki na kuliketisha gari juu ya stendi mbili zilizowekwa chini ya chasisi, ndani zaidi kuliko mahali miguu ya kreni itakapopita. Urefu wa stendi niliufikiria sana. Gari likiinuliwa mno, kreni italazimika kunyanyua injini juu zaidi ili ivuke paneli ya mbele. Likiwekwa chini mno, mkia wa giaboksi hautapata nafasi ya kushuka mzigo utakapoinama. Niliishia kwenye tundu la pili la stendi. Jeki yenyewe niliiondoa kabisa: sitaki kuwe na siku hata moja ambayo mtu ataingia chini ya gari hili akiamini jeki.

Betri ilikuwa ya kwanza kutoka, waya wa hasi ukitangulia. Ukianza na wa chanya na spana ikagusa bodi, unakuwa umeunganisha nguzo mbili za betri kwa chuma kitupu, na karibu na betri kunaweza kuwa na gesi ya haidrojeni inayosubiri cheche tu. Baada ya hapo nilimwaga maji ya rejeta kupitia koki ya chini, kisha yale yaliyobaki ndani ya bloku. Maji haya yana dawa ya kuzuia kuganda na kutu, ambayo mara nyingi ni ethilini glaikoli. Ina utamu unaovutia wanyama nayo ni sumu, hivyo nilikinga kila tone na kufunga kifuniko cha dumu palepale. Oili ya injini ilifuata, kisha ya giaboksi. Kwenye giaboksi nilifungua bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, na huo ni utaratibu ambao singependa mtu yeyote auruke: ukishamwaga yote kisha ukagundua kwamba ya kujazia imeshikwa na kutu, una giaboksi kavu isiyojazika.

Gari hili halina kiyoyozi, jambo ambalo limenipunguzia kazi. Kwa magari ya umri huu yenye kiyoyozi, gesi ya asili huwa kwa kawaida ni R12, mojawapo ya zile zilizodhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni. Mabomba yake hayafunguliwi kwa spana. Gesi huvutwa kwanza kwa mashine na mtu mwenye ujuzi huo, au kompresa hufunguliwa kwenye injini na kufungwa pembeni pamoja na mabomba yake bila kuyatenganisha.

Boneti niliitoa pamoja na mdogo wangu, kila mmoja akishika kona zake, baada ya kuchora mstari kwa kalamu kuzunguka kila bawaba. Mstari huo huchukua dakika mbili kuuchora na huokoa saa nzima ya kuhangaika na mianya isiyolingana siku ya kurudisha.

Jumapili: upande wa juu

Siku nzima ilikuwa ya mipira ya maji, nyaya na kebo. Rejeta ilitoka na feni ikafuata, na nafasi iliyopatikana mbele ya injini ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Niliweka ubao mwembamba mbele ya mahali pa rejeta ili kitakachogongwa siku ya kuinua kiwe ubao badala ya kitu cha kununua upya.

Pampu ya petroli kwenye injini hii ni ya kimakenika, imefungwa kwenye bloku na kusukumwa na kemshafti, na hivyo mpira wa kutoka tangi unafika hadi pale. Niliuchomoa kitambaa kikiwa chini yake na kizima moto kikiwa karibu, nikauziba kwa bolti yenye kipenyo kinacholingana na kuukaza kwa klipu. Petroli inayodondoka polepole huenea kama mvuke chini kwa chini, na taa ya kazi yenye balbu ya moto ikianguka hapo hakuna muda wa kufikiri. Ndiyo maana siku hizi natumia taa ya betri pekee.

Nyaya ndizo nilizopa muda mrefu zaidi. Kila waya niliuvisha kipande cha utepe chenye namba, na namba hiyohiyo nikaiandika kwenye sehemu ulikotoka, kisha nikapiga picha mbili: moja kabla ya kuchomoa na nyingine baada. Alteneta, stata, koili, kipimo cha joto la maji, swichi ya presha ya oili, kabureta. Nilijifunza kwa kazi za nyuma kwamba picha peke yake haitoshi, kwa sababu waya mweusi wenye mafuta hufanana na mwenzake katika picha yoyote. Na utepe peke yake hautoshi, kwa sababu gundi yake huachia ukiguswa na oili. Vyote viwili pamoja havijawahi kuniangusha. Bolti ndogo nilizichomeka kwenye kadibodi niliyoichora umbo la injini, kila moja mahali pake, kwa kuwa ndefu na fupi hutofautiana kwa milimita chache tu, na ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hupasua chuma.

Kofia ya distributa niliitoa pia pamoja na nyaya za plagi. Haikuwa lazima, lakini ni kifaa cha kuvunjika, na injini inayobembea haichagui itakachogonga.

Jumatano na Ijumaa jioni: nati za eksozi

Katika injini ya 4K, njia ya hewa na njia ya moshi ziko upande mmoja wa hedi, kabureta ikiwa juu na eksozi chini yake. Nilitoa kabureta ili nizione nati zinazounganisha eksozi na bomba la kwenda nyuma. Zilikuwa zimeoka kwa miaka mingi. Nilizinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu Jumatano, nikarudia Alhamisi, na Ijumaa nikajaribu kwa soketi ya pembe sita, nikikaza kidogo kwanza kabla ya kulegeza ili kutu ivunjike pande zote mbili. Mbili zilikubali. Ya tatu ilikatika pamoja na kipande cha stadi (bolti isiyo na kichwa), na kwa kweli sikusikitika sana, kwa kuwa stadi hiyo itatolewa kwa urahisi eksozi ikiwa mezani, mahali ninapoweza kuishika kwa jiliwa na kuitoboa katikati.

Jumamosi ya pili: upande wa chini

Propela shafti ilitangulia. Kabla ya kulegeza bolti za flenji ya difu (kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) nilipiga alama kwa tindo kwenye flenji zote mbili, ili zirudi zilivyokuwa, kwa sababu zimezoeana kwa muda mrefu na kuzigeuza kunaweza kuleta mtetemo ambao baadaye utautafuta kwenye matairi. Shafti iliposhuka, niliivuta nyuma itoke kwenye mkia wa giaboksi. Ingawa giaboksi ilikuwa imemwagwa, najua kwamba oili hubaki kwenye mifuko yake na hutoka yote mzigo unapoinamishwa, kwa hiyo niliziba mdomo wa mkia kwa mfuko mzito wa plastiki uliofungwa kwa mpira mara tatu.

Baada ya hapo zilifuata kebo ya spidomita, waya wa swichi ya taa za rivasi na kebo ya klachi, kisha mkono wa gia, ambao hutolewa kutoka ndani ya gari baada ya kuinua zulia na mpira wa vumbi. Tundu lililobaki nililiziba kwa kitambaa safi papo hapo. Nati moja ikidondokea humo, giaboksi ambayo haikuwa na tatizo inakuwa imepata la kwanza.

Stata niliitoa ili kuupunguza mzigo na kufungua nafasi. Bolti zinazoshika gamba kwenye injini niliziacha zote zikiwa zimekazwa, ila nilizilegeza robo mzunguko na kuzikaza tena, kwa sababu ni rahisi zaidi kuvunja ugumu wake wakati injini ikiwa bado imeshikwa na gari kuliko ikiwa inaning'inia au imelala sakafuni. Kazi karibu yote hadi hapa imefanywa na soketi nne, za milimita 10, 12, 14 na 17.

Chini ya giaboksi niliweka jeki yenye magurudumu, na kipande cha mbao juu yake, kisha nikalegeza krosmemba ya nyuma, chuma cha kukingama kinachoibeba giaboksi, bila kuitoa. Mipira ya mauntingi, ile inayoishikilia injini kwenye gari, niliikagua kwa tochi. Wa kushoto umepasuka nusu, na huenda huo ndio mtikisiko niliouhisi kila nilipoondoka kwa gia ya kwanza, ambao siku zote niliuhesabia klachi.

Jumapili ya pili: kuinua

Hesabu nilizifanya asubuhi kabla ya kugusa kreni. Sikuwa na mzani wa kupimia injini na giaboksi, hivyo nilichukua kilo 150 kuwa mzigo wa kufanyia hesabu zote. Kreni hii imeandikwa tani 2, lakini hiyo ni pale mkono wake ukiwa mfupi kabisa. Ukivutwa hadi tundu la mwisho, uwezo ulioandikwa ni kilo 500 tu. Kwa mzigo wangu bado inatosha, ila ni vizuri kusoma namba iliyo kwenye tundu unalotumia badala ya ile kubwa iliyopakwa rangi ubavuni.

Jambo linalosahaulika zaidi ni pembe ya minyororo. Mzigo wa kilo 150 ukishikwa na minyororo miwili iliyo karibu kusimama wima, kila mmoja hubeba nusu. Minyororo ikitanuka hadi kila mmoja ukawa na pembe ya digrii 60 kutoka mstari wa mlalo, mvuto katika kila mmoja hufika karibu kilo 87; ikishuka hadi digrii 45 hufika 106; na ikilala hadi digrii 30, kila mnyororo hubeba kilo 150 kamili, yaani kana kwamba mwenzake hayupo. Zaidi ya hapo, mnyororo uliolala huvuta bolti kwa ubavu, na bolti huvumilia kuvutwa kwa urefu wake kuliko kupindwa. Kamba hukatikia pembamba, na hapa pembamba ni bolti inayoingia kwenye hedi. Injini ilikuwa na ndoano moja tu ya kuinulia iliyobaki, upande wa nyuma. Ya mbele iliondolewa na mtu aliyenitangulia. Mahali pake nilifunga bolti ya M10 (kipenyo cha milimita 10) yenye alama ya 8.8, yaani daraja la nguvu ya chuma, kwenye kichwa, na kwa kuwa hedi ni ya alumini nilihakikisha kwamba meno yanayoshika ndani hayapungui milimita 15, pamoja na washa pana juu ya pete ya mnyororo ili isichomoke kichwani. Katikati niliweka kifaa cha kusawazishia chenye skrubu ndefu na mpini, ambacho huhamisha kitovu cha kuinulia mbele au nyuma mzigo ukiwa hewani. Kwa kutoa injini na giaboksi pamoja, nakihesabu kifaa hicho kuwa cha lazima.

Mdogo wangu alishika upande wa nyuma na tochi, mimi nikashika mpini wa kreni. Tulikubaliana kwamba neno "simama" likitamkwa na yeyote, mwingine hatauliza sababu kabla ya kusimama. Tulikubaliana pia kwamba hakuna mkono utakaoingia kati ya injini na bodi baada ya mauntingi kuachia, hata kama kitakachoonekana ni kidogo kiasi gani.

Niliinua hadi minyororo ikakaza, tukatoa nati za mauntingi na krosmemba ya nyuma, kisha nikaongeza pampu tatu. Hapo ndipo stendi zilipotusaidia kwa namna ambayo sikuwa nimeipanga. Gari likiwa juu ya stendi, mzigo ukitoka bodi hubaki imekaa. Kwa hiyo ukiona mwanya kati ya stendi na chasisi, maana yake kreni haiinui injini, inainua gari. Mdogo wangu aliuona mwanya upande wa kulia, mwembamba wa unene wa kadi. Nilishusha mara moja. Nati ya mauntingi ya kulia ilikuwa imetoka, lakini mpira wenyewe ulikuwa umegandamana na kishikio chake kwa kutu na oili ya miaka. Tuliunyunyizia mafuta, tukalegeza mnyororo kidogo, tukaingiza kipande cha mbao ngumu kama wenzo, ukaachia kwa sauti ndogo. Laiti ningeendelea kupampu, ungeachia wenyewe kwa kishindo, na kilo 150 zingeruka kuelekea kwenye uso wa mtu.

Mara ya pili injini ilipanda sentimita 10 hivi, kisha nikaanza kuvuta kreni nyuma ili giaboksi isogee mbele na kutoka kwenye handaki lake. "Kaka, simama," mdogo wangu akasema, "kuna waya unavutika huku nyuma." Nilisimama. Ulikuwa ni waya wa ethi, ule bapa uliosukwa, unaotoka nyuma ya hedi kwenda kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Niliupigia picha Jumapili iliyopita, nikauandika kwenye daftari, na bado sikuufungua, kwa sababu haukuwa na soketi ya kuchomoa kama nyaya nyingine. Bolti yake ilitoka kwa dakika moja. Nimeuandika hapa kwa urefu kwa kuwa ni waya unaosahaulika kwenye magari mengi ya muundo huu, na ukikatika bila kujulikana, siku ya kuwasha umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, mara nyingi kupitia kebo ya mafuta au ya choki, ambazo huungua.

Mara ya tatu ulikuwa mnara wa mkono wa gia uliogusa ukingo wa handaki. Hapakuwa na kitu kilichosahaulika; mzigo ulihitaji kwenda mbele sentimita chache zaidi kabla ya kuinama. Nilisogeza, nikazungusha mpini wa kisawazishi taratibu huku mdogo wangu akiishusha jeki ya nyuma kwa kipimo kilekile, na mkia ukashuka hadi pembe ikafika karibu digrii 40. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya hatua ndogo zinazorudiwa: kuinua kidogo, kutazama pande nne, kuvuta nyuma kidogo, kutazama tena. Sampu ya oili ilivuka paneli ya mbele ikiacha nafasi ya vidole viwili. Mkia wa giaboksi ulikuwa wa mwisho, nao tuliunyanyua kwa mikono ukiwa umekwisha kuwa mbele ya kila kitu. Mfuko wa plastiki ulikuwa na oili ya kutosha kujaza kikombe, na hakuna tone lililogusa sakafu.

Tangu minyororo kukaza hadi injini kukaa juu ya mbao mbili sakafuni zilipita saa mbili na robo. Mzigo haukusafirishwa ukiwa juu. Nilipouvusha tu niliushusha hadi karibu na sakafu ndipo tukaisukuma kreni, kwa maana kreni yenye mzigo juu huanguka kwa jiwe dogo chini ya gurudumu.

Jumatatu jioni: kutenganisha, na chanzo cha oili

Giaboksi iliachana na injini bila ugomvi, zote mbili zikiwa zimelala usawa mmoja juu ya mbao, na shafti ikatoka imenyooka kama nilivyotaka. Ndani ya gamba palikuwa na utelezi kila mahali, na vumbi la klachi lililochanganyika na oili likawa tope jeusi.

Nilikuwa nimeshikilia tangu mwanzo kwamba mkosaji ni sili ya nyuma ya krankishafti, na sili mpya nilikuwa nayo tayari. Nilipotoa presha pleti (inayolikandamiza bamba), bamba lenyewe na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), nikakuta eneo la sili hiyo lina vumbi kavu. Unyevu ulianzia upande wa pili, kwenye sili ya mbele ya giaboksi, ukafuata shafti hadi kwenye kitovu cha bamba, kisha mzunguko ukaurusha pande zote. Harufu ilithibitisha: oili ya giaboksi huwa na viungo vya salfa vinavyolinda meno ya gia, na harufu yake nzito haifanani na ya oili ya injini. Ningekuwa nimenusa tone la kila asubuhi badala ya kulifuta, ningejua mapema. Kwa tatizo la klachi peke yake, kushusha giaboksi kungetosha kabisa, na yeyote mwenye gari la namna hii ambaye mgandamizo wa silinda zake uko sawa ningemshauri afanye hivyo tu. Kwangu ni silinda ya 3 inayohalalisha kreni.

Bamba la klachi bado lina kina cha milimita 0.6 juu ya vichwa vya ribiti, lakini limelowa oili, na bamba lililonywa oili sitalirudisha hata likioshwa. Flaiwili ina madoa ya buluu ya joto upande mmoja, itakwenda kuchongwa. Sili ya krankishafti nitaibadilisha pia ingawa ni kavu, kwa kuwa sasa inafikika na umri wake siujui.

Injini nimeifunga kwenye stendi ya kuzungushia kwa bolti nne mpya zenye alama ya 8.8 kupitia matundu ya gamba, huku kreni ikiendelea kushika uzito hadi bolti ya mwisho ilipokazwa. Giaboksi imefunikwa chini ya meza, mdomo wake wa mbele na wa nyuma vikiwa vimezibwa. Nafasi ya injini ndani ya gari nimeiosha, na chini ya mahali pa betri nimekuta kutu iliyotoboa bati kwa upana wa kidole, kazi ambayo haikuwa kwenye orodha. Jumamosi ijayo nitafungua hedi na kupima silinda ya 3.